Jinsi ya kupanga siku nzima ya vipindi vya redio ya taifa: mwongozo kamili kutoka chumba cha ratiba

Mtu akikabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kupanga siku ya redio ya taifa, huchora jedwali la mistari 24 na kuanza kujaza: hapa habari, hapa muziki, hapa afya, hapa michezo. Kufikia jioni jedwali limejaa na roho imetulia. Kesho yake ndipo anagundua kwamba kipindi cha wanafunzi kimeangukia saa ambayo wanafunzi wako darasani, matokeo ya michezo yanasomwa kabla mechi hazijaisha, na kati ya mjadala wa bajeti na kipindi cha vichekesho hakuna hata sekunde kumi za kuvuta pumzi.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kwa msikilizaji, unapitia saa ya ukutani, na jedwali linakuja karibu na mwisho.

Kwanza: andika orodha ya wenye haki

Redio ya umma inaendeshwa kwa fedha za watu wote, iwe ni ada, kodi au ruzuku. Anayeisikiliza ameilipia, na asiyeisikiliza naye ameilipia. Kituo cha biashara kina haki ya kuwafuata wengi na kuwaacha wachache, kwa sababu mwenye tangazo analipia wingi. Nyinyi hamna ruhusa hiyo.

Shirika la BBC lilipoacha kuwa kampuni na kuwa shirika la umma tarehe 1 Januari 1927, mkuu wake John Reith alikuwa na maneno matatu ambayo hadi leo watangazaji wa dunia nzima wanayaimba: kuhabarisha, kuelimisha, kuburudisha. Ni mazuri, lakini ukiyabandika ukutani hayakusaidii kupanga saa tatu asubuhi ya Jumanne. Kinachosaidia ni karatasi moja yenye majina ya makundi: wasioona, wazee wanaoishi peke yao, wazungumzaji wa lugha ndogo, watoto ambao hawajaanza shule, wafanyakazi wa zamu za usiku, wakulima, wavuvi na mabaharia wanaosubiri hali ya hewa, wapenzi wa muziki usiopigwa kwingine. Iweke mezani. Wiki ikimalizika kila kundi lazima lipate mahali pake na saa yake. Sisemi kila kundi lipate saa sawa. Nasema lisiwepo kundi ambalo jibu lake ni "tutalifikiria mwakani".

Pili: fuata mikono ya msikilizaji

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Redio husikilizwa na mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Kwa hiyo swali "watu wanapenda nini?" liache kwanza. Uliza: saa hii mikono yao inafanya nini, macho yao yako wapi, na wana dakika ngapi kabla ya kuondoka?

Asubuhi, kuanzia saa 11 hadi saa 3, msikilizaji wako anaamka, anaoga, anavalisha watoto, anatafuta ufunguo. Anakusikia kwa vipande vya dakika kumi, pengine kumi na tano, na nusu ya kipande hicho bomba la maji linapiga kelele. Huyu usimpe mahojiano ya dakika arobaini. Mpe vitu vifupi vinavyorudi: saa, hali ya hewa, habari kubwa, njia iliyofungwa, kisha saa tena. Watangazaji wapya huona aibu kutaja saa kila baada ya dakika chache. Waambie waiache aibu hiyo nyumbani, kwa maana asubuhi redio ni saa ya ukutani inayozungumza.

Kuanzia saa 3 hadi saa 6 mchana mambo hubadilika. Aliyebaki na redio sasa yuko mahali pamoja: fundi cherehani, mpaka rangi, anayefua, mgonjwa kitandani, mwenye duka. Mikono inakwenda kwa mwendo mmoja na masikio yako huru kwa muda mrefu. Huu ndio wakati wa kipindi kirefu chenye hoja, makala ya nusu saa, simu za wasikilizaji kuhusu sheria ya mirathi au ugonjwa wa sukari. Vituo vingi huujaza muziki mtupu kwa sababu wanaamini mchana hakuna mtu. Mtu yupo. Ni kwamba tu hayupo ofisini kwenu.

Alasiri watoto wanarudi. Kuanzia saa 10 hadi saa 1 usiku ni safari tena, lakini mtu wa jioni si yule wa asubuhi. Amechoka, haendi popote kwa haraka, na anataka kuelezwa *kwa nini* mambo ya leo yametokea, kwa kuwa *nini* ameshaipata kwenye simu yake. Baada ya hapo usiku unaingia, mikono inapumzika, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri sikio linapatikana lote. Mchezo wa redio, hadithi inayosomwa polepole, muziki unaohitaji kimya: hapa ndipo kwao.

Zoezi ninalowapa wapangaji wapya ni hili. Chagua watu saba kutoka kwenye ile karatasi ya makundi, kila mmoja mpe jina la kubuni, umri na kazi, kisha andika siku yake saa kwa saa. Muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mfano, analala wakati wa habari kuu zote mbili za mchana. Ukimchora huyo kwenye karatasi, ghafla utaelewa kwa nini taarifa ya saa 10 alfajiri haiwezi kuwa rekodi ya ile ya saa 4 usiku.

Fanya hivyo tena kwa Jumamosi, na tena kwa Jumapili. Siku hizo ni nchi nyingine.

Tatu: pigilia misumari ya habari

Kabla ya kipindi chochote, weka taarifa za habari, kwa sababu ndizo pekee ambazo haziruhusiwi kusogea. Tuseme una taarifa tatu kuu za dakika 30 kila moja, dakika 5 za habari katika saa 21 zilizobaki, na muhtasari wa dakika moja kila nusu saa, isipokuwa pale taarifa kuu inapoishia. Piga hesabu: 90, jumlisha 105, jumlisha 21, unapata dakika 216. Siku ina dakika 1,440. Habari zimechukua asilimia 15 kamili, na hujaweka hata neno moja la uchambuzi. Fanya hesabu hiyo kwa kituo chako kabla ya kikao. Kuna bosi mmoja au wawili katika kila kikao wanaotaka "habari zaidi" bila kujua tayari kuna ngapi.

Urefu wa taarifa ni jambo la kujadiliwa kwa upole na mhariri. Ijumaa Kuu ya tarehe 18 Aprili 1930, msomaji wa BBC alifika kwenye taarifa ya jioni akatangaza kwamba leo hakuna habari, na muda uliobaki ukajazwa kinanda. Leo huwezi kufanya hivyo, na pengine hata wakati ule walikuwa na habari wasizozitafuta. Lakini kuna siku habari za dakika 30 zina dakika 19 za habari na 11 za mikutano ya viongozi kufungua semina. Kwa siku kama hizo andaa kitu cha kushika nafasi: ripoti ndefu kutoka mikoani iliyorekodiwa wiki hiyo, isiyochacha haraka. Mhariri akijua ipo, hatalazimika kunyoosha semina.

Kama kituo chenu kinapiga milio ya saa kabla ya habari, jueni jinsi inavyohesabiwa. Milio sita ya Greenwich, ile alama ya saa ya redio ya Uingereza, ilianza kusikika redioni tarehe 5 Februari 1924. Kwa mtindo wake wa sasa mitano ya kwanza ni mifupi na wa sita ni mrefu, na saa kamili ni pale mlio wa sita *unapoanza*. Onyo: anayewasikiliza kupitia intaneti huipata milio hiyo imechelewa, mara nyingine kwa nusu dakika au zaidi. Huko isiwe kipimo cha saa.

Nne: chora gurudumu la saa

Chukua karatasi, chora duara, ligawe kama uso wa saa. Juu kabisa ni habari. Chini kabisa, dakika ya 30, ni muhtasari. Sasa gawa nafasi zilizobaki kulingana na mikono tuliyoizungumzia. Gurudumu la asubuhi litakuwa na vipande vingi vyembamba, la usiku vipande viwili au vitatu vinene. Magurudumu manne yanatosha kwa siku nzima. Ukijikuta unachora la tisa, rudi nyuma, maana msikilizaji hataweza kujenga mazoea nawe.

Mazoea ndiyo mtaji. Mtu husema "nikisikia wimbo ule najua nimechelewa kutoka nyumbani." Hukuupanga wimbo huo uwe saa yake, lakini umeshakuwa. Kwa hiyo ukitaka kuhamisha kipindi kwa nusu saa, tangaza wiki mbili kabla, na tangaza *ndani ya kipindi chenyewe*, si kwingine.

Tano: sasa panga vipindi

Anza na kipindi kimoja cha nguzo, kile ambacho hata mkikosa watu na fedha mtakufa nacho. Shirika la redio ya umma la Marekani, NPR, lililoanzishwa mwaka 1970, lilianza na kipindi chake cha jioni cha habari na makala tarehe 3 Mei 1971. Cha asubuhi hakikuja hadi Novemba 1979, zaidi ya miaka minane baadaye. Walishika saa ya jioni kwanza. Nawaona watu wakizindua vipindi 14 vipya siku moja, na baada ya miezi mitatu kumi vimegeuka kuwa muziki na salamu kwa sababu watayarishaji wameishiwa pumzi.

Hesabu jasho kabla ya dakika. Saa moja ya mtangazaji na wimbo inahitaji saa chache za maandalizi. Makala ya dakika 28 yenye sauti za watu kumi kutoka mikoa mitatu inaweza kula wiki nzima ya watu wawili. Kwa hiyo kila kitu cha gharama kipate maisha zaidi ya moja: kitoke Jumatano asubuhi, kirudi Jumamosi jioni, kisikike tena usiku wa manane wa siku nyingine. Marudio si aibu iwapo yamepelekwa kwa watu wengine. Aibu ni kurudia saa ileile kwa watu walewale.

Upangapo, angalia majirani. Kila kipindi kinarithi masikio ya kilichotangulia. Mjadala wa siasa ukifuatwa na mjadala wa uchumi wenye wanaume watatu wa umri mmoja, msikilizaji hatasikia vipindi viwili, atasikia kimoja kirefu sana. Badilisha *sauti* kabla ya kubadilisha mada: baada ya studio, toka nje, baada ya maneno mengi, ala, baada ya wakubwa, watoto. Na kwenye orodha ya wageni wa siku nzima weka alama pembeni: mwanamke, mwanamume, kijana, mzee, wa mjini, wa kijijini. Ikifika jioni alama zote zimeegemea upande mmoja, siku haikuwa na mchanganyiko hata kama mada zilikuwa kumi na mbili.

Kipindi cha watoto kinahitaji neno lake. Kisitumike kama mahali pa kumpeleka mtangazaji mchanga kujifunzia. Watoto ndio wasikilizaji wakali kuliko wote: wakichoka hawalalamiki, wanaondoka tu. Dakika 15 zinatosha, hadithi iwe na sauti za vitu (mlango, mvua, mbuzi), na mtangazaji asizungumze kwa ile sauti ya kubembeleza ambayo hata mtoto wa miaka minne anajua ni ya uongo.

Mchezo wa redio nao wengi wameuacha kwa madai ya gharama. Mwanzoni mwa 1951 Uingereza, wakati vyakula bado vinatolewa kwa mgao tangu vita, ulianza kurushwa nchi nzima mchezo wa kila siku kuhusu familia ya wakulima. Lengo lilikuwa kupenyeza ushauri wa kilimo kupitia ugomvi na mapenzi ya kijijini. Ushauri wa kilimo uliondoka zamani, mchezo bado uko hewani. Dakika 13 kwa siku, waigizaji wanne au watano, mahali pamoja pasipobadilika pa hadithi: hilo linawezekana kwenye studio ndogo. Siri ni mwandishi. Waigizaji utawapata.

Usiku wa manane usiuchukulie kama bohari la mabaki. Kama mnarusha kwa masafa ya kati (AM), jua likizama tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hayo mchana hutoweka, na mawimbi hugonga tabaka la juu na kurudi duniani mbali, mamia ya kilomita na zaidi. Usiku mna wasikilizaji ambao mchana hamna, wengine nje ya mipaka. FM haina tabia hiyo. Yenyewe huishia karibu na upeo wa macho kutoka kwenye mnara. Kwa hiyo tajeni jina la kituo na lugha mara nyingi zaidi usiku. Kuna mtu sehemu fulani anazungusha kitufe gizani hajui amewapata nani.

Sita: karatasi ya siku

Sasa ndipo jedwali linakuja. Kila kitu kitakachosikika kiwe na mstari: saa ya kuanza mpaka sekunde, jina, urefu, kinatoka wapi (mubashara, rekodi, mtandao, studio ya mkoa), maneno ya kwanza, maneno ya mwisho, nani anahusika. Maneno ya mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Fundi mitambo akijua kipindi kinaishia na "…na hapo ndipo mto ulipogeuka," hatakata wala hatangoja.

Andika saa kwa mfumo wa saa 24 kwenye karatasi na kwenye kompyuta, na kwa saa za Kiswahili kwenye skripti ya mtangazaji tu. Hili nililijifunza kwa uchungu katika kituo nilichofanyia kazi zamani. Niliandika kwa mkono "kipindi cha watoto, saa 2" nikimaanisha saa mbili asubuhi. Aliyekuwa zamu akaingiza 02:00. Saa nane usiku nchi nzima ikaamshwa na kwaya ya watoto wa chekechea wakihesabu moja hadi ishirini, na saa mbili asubuhi tukakosa faili. Mlinzi mmoja alipiga simu kuuliza, kwa upole kabisa, hawa watoto ni wa nani na kwa nini hawajalala.

Kisha jifunze kuhesabu kurudi nyuma. Mfano halisi, nusu saa kati ya saa 9:30 na saa 10 alasiri (hapa nataja saa za Kiswahili; kwenye karatasi ungeandika 15:30 na 16:00):

Habari zinaanza 10:00:00. Milio sita huanza sekunde tano kabla, 9:59:55. Utambulisho wa kituo unachukua sekunde 15, kwa hiyo uanze 9:59:40. Dokezo la mchezo wa usiku ni sekunde 35, lianze 9:59:05. Kipindi cha afya kilichorekodiwa kina dakika 27 na sekunde 40. Ili kiishe 9:59:05 lazima kianze 9:31:25. Muhtasari wa habari wa 9:30 unaisha 9:31:00. Mtangazaji amebakiwa na sekunde 25 za kutambulisha kipindi. Mwambie "ishirini na tano", usimwambie "kidogo". Kidogo cha mtangazaji ni dakika mbili.

Je, kama nusu saa hiyo ni mubashara na hujui mgeni atamaliza lini? Tafuta muziki wa ala ambao urefu wake unaujua, tuseme dakika 3 na sekunde 10. Saa 9:55:55 kamili uanzishe ukiwa umefunga sauti yake kabisa. Hakuna anayeusikia. Mgeni akimaliza 9:57, mtangazaji anashukuru, unainua sauti taratibu, na muziki unaisha wenyewe 9:59:05 kana kwamba ulipangwa tangu wiki iliyopita. Mgeni akimaliza 9:58:50, unausikilizisha kwa sekunde 15 tu chini ya maneno ya kuaga. Mara ya kwanza ukiifanya bila kukosea utatamani kumwonyesha mtu, lakini studio itakuwa haina mtu.

Kuhusu urefu wa skripti, usiamini kanuni za maneno kwa dakika zilizoandikwa kwa lugha nyingine. Neno moja la Kiswahili kama "hawakuwasilishiana" lina silabi tisa. Kila msomaji asome ukurasa mmoja kwa sauti akiwa na saa ya kupimia, mara tatu, na achukue wastani wake. Uandike nyuma ya kitambulisho chake kama ni lazima.

Saba: mipito na usawa wa sauti

Msikilizaji asiinuke kwenda kupunguza sauti. Akiinuka, huenda akazima kabisa. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa pendekezo R 128 linaloweka kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyouhisi, na kiwango chake ni −23 LUFS (LUFS ndilo jina la kipimo hicho). Si lazima mchague namba hiyohiyo. Lazima mchague moja, na kila rekodi ipimwe kabla ya kuingia kwenye mfumo, hasa zile zinazotoka mikoani na kwenye simu.

Baada ya hapo ni masikio tu. Kati ya habari za msiba na kipindi cha vichekesho weka sekunde kadhaa za kitu kisicho na upande wowote.

Nane: siku yenyewe

Kipindi cha simu kiwe na kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde saba hivi au zaidi, na mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kidole juu ya kitufe. Mtu wa pili azungumze na wapigaji kabla hawajaingia hewani. Awaulize jina la kwanza, mahali, hoja kwa sentensi moja, na awaambie wazime redio, si wapunguze. Mwenye kuipunguza bado atasikia sauti yake ikirudi imechelewa na atanyamaza kujisikiliza. Kila mtangazaji anaijua ile "haloo… haloo… unanisikia?" inayokula dakika nzima.

Kimya kina mlinzi wake pia: kifaa kinachogundua ukimya na baada ya sekunde ulizochagua kinaanzisha rekodi ya akiba. Ukiweka sekunde kumi, kitaruka katikati ya mchezo wa redio pale muigizaji anapolia kimyakimya. Sekunde 30 zinafaa kwa siku nyingi. Na rekodi hiyo ya akiba isikilizwe kila mwezi. Kuna kituo ambacho mtambo wake wa akiba ulitakia watu heri ya mwaka mpya mwezi Agosti.

Dharura iwe na karatasi moja, si kitabu: nani anaweza kukatiza matangazo, nani anathibitisha habari (vyanzo viwili), nyimbo zipi zinaondolewa mara moja, maneno gani yanasomwa kwanza. Mafuriko yakija usiku wa Jumamosi, aliyepo studio ni kijana wa zamu mwenye umri wa miaka 23. Karatasi hiyo iandikwe kwa ajili yake. Na watu wakiambiwa wahame, waambiwe *kwenda wapi*, mara tatu, polepole, kwa lugha zote mlizonazo.

Wakati wa uchaguzi, hesabu dakika za kila chama kwa saa ya kupimia na mweke kumbukumbu. Usitegemee hisia. Hisia za kila mtu chumbani zina chama.

Tisa: kesho yake

Rekodi ya siku nzima ihifadhiwe, kwa sababu malalamiko huja baada ya wiki na hukumbuka vibaya. Chukua saa moja yoyote, isiyo ya kwako, isikilize nje ya jengo: kwenye redio ndogo, ukiosha vyombo. Spika kubwa za studio hudanganya. Andika pale ulipoacha kusikiliza bila kukusudia, dakika na sekunde. Usiandike sababu bado.

Halafu fungua karatasi ya jana na uweke kalamu nyekundu kwenye kila mstari ambao ulianza zaidi ya sekunde tano nje ya muda. Mara nyingi mistari hiyo hukusanyika sehemu moja, tuseme kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Nenda kakae studio saa hiyo siku mbili bila kusema kitu. Nilipofanya hivyo safari moja, tatizo lilikuwa mlango: wageni wa saa 4:30 walizuiwa getini kwa sababu orodha ya majina ilifika kwa mlinzi saa 5.